Mashua ya Chokaa Uani kwa Mwenye Ploti

Mwenye Ploti aliogopa vitu vingi, na kwa kuwa aliviogopa kwa sauti, sisi wapangaji wake tulivijua vyote. Aliogopa stima, hasa waya uliopita juu ya mabati yetu. Aliogopa mitungi ya gesi, akatukataza kabisa, kwa hiyo ploti nzima ilipika kwa makaa na mafuta ya taa. Aliogopa mtu anayebisha mlango mara moja halafu akanyamaza. Aliogopa daktari, diwani, na yeyote aliyekuja na karatasi ya kutiwa sahihi. Zaidi ya yote aliogopa wezi, ndiyo maana alitembea na funguo tele kiunoni, zimefungwa kwa utepe mweusi, na ukimsikia anakuja ungedhani mtu anatikisa sanduku la misumari.

Naanza na woga kwa sababu woga ni kitu ninachokijua kitaalamu. Nilifanya kazi Dubai kwenye mashua za karamu, zile zinazochukua wageni jioni wakala, wakacheza muziki na kupiga picha huku taa zikiwaka majini. Nina diploma ya ukarimu na utalii. Niliipata huko huko, asubuhi darasani, jioni kazini, na hakuna mjomba wala mbunge aliyenishika mkono. Mimi ni mtoto wa Kambi Muru, Kibera, mwana wa fundi viatu aliyetoka Kitui na sindano zake mfukoni. Nilipanda ndege nikiwa na viatu alivyonishonea yeye, nikarudi na cheo. Kazi yangu huko ilikuwa kusimama mbele ya watu ambao hawajawahi kuingia majini na kuwaelekeza. Nilijifunza kuwaangalia mikono, maana uso unaweza kudanganya lakini mikono haijui. Mikono ya Mwenye Ploti haikutulia hata siku moja. Hata kanisani, watu walioketi karibu naye walisema, vidole vyake vilikuwa vinahesabu funguo.

Ploti yake ilikuwa Kawangware, kwenye ardhi waliyokaa watu wa kwao kabla barabara haijafika. Vyumba vya mabati vilizunguka ua wa saruji, na chini ya saruji hiyo kulikuwa na tangi la maji lenye mfuniko wa chuma na kufuli. Mifereji ya mtaa ilipokauka, na ilikauka mara nyingi, tulichota kwake. Alifungua asubuhi na jioni, akasimama juu ya shimo kama askari, akiangalia kila mtungi unavyozama na kutoka.

Ukimletea habari njema hakupongeza. Aliuliza, "Na nani mwingine anajua?" Nilipomwambia nimerudi na diploma, aliuliza hivyo hivyo. Binti mmoja wa vyumba vya nyuma alipopata mchumba, aliuliza hivyo hivyo, kisha akamwita kando akamfundisha jinsi ya kufunga mlango kwa ndani kwa kiti.

Mtu angeweza kumwita mchoyo, na wengi walimwita. Lakini mpangaji mmoja alipougua homa kali, na watu wakawa wanapita mbali na mlango wake, Mwenye Ploti alimpelekea uji kila siku. Hakuingia. Aliogopa ugonjwa kupita kiasi. Aliweka sufuria sakafuni kwenye kizingiti, akaisukuma ndani kwa mpini wa ufagio, akapiga kelele kutoka mbali, "Kunywa! Nisikie ukikunywa!" Akangoja mpaka asikie. Yule mtu alipona, na siku ya kwanza kutoka nje Mwenye Ploti alimkemea kwa kumwaga uji kidogo mlangoni.

Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta alikuwa Mama Achieng, mjane kutoka upande wa ziwa kubwa, mwenye mabinti wawili wadogo. Alikaanga samaki pale getini. Kila jioni Mwenye Ploti alilalamika juu ya harufu, akaapa kumfukuza, na kila jioni alitaka kichwa kimoja cha samaki kiwekwe kando, kifunikwe na sahani, kisionekane na watu.

"Mama, si ulisema nihame?" Mama Achieng alikuwa akimchokoza.

"Utahama. Kwani nimesema leo?"

Sasa huyu mwanamke, aliyeogopa hata ndoo ikijaa sana, ndiye aliyeniita siku moja nikiwa napita uani na shati langu limepigwa pasi.

"Wewe Dubai, kuja hapa." Jina langu hakulitumia kamwe. "Ati ulikuwa ukifanya nini kule? Na usinidanganye. Kila mtu akirudi anasema alikuwa meneja."

"Nilikuwa mwandalizi wa karamu za mashua, Mama."

"Watu wanakula ndani ya mashua?"

"Wanakula, wanacheza, wengine wanafunga ndoa."

"Na ikipinduka?"

"Haipinduki."

"Nani amesema?"

"Mimi. Nina diploma."

Alinitazama kuanzia viatuni hadi juu. "Hiyo diploma inaelea?"

Kisha akanieleza. Marehemu mume wake, ujanani, aliwahi kuwa mtumishi katika nyumba ya mzungu mmoja huko Naivasha, kando ya ziwa. Jioni nyingine wazungu waliwasha taa ndani ya mashua, wakapeleka nyama na gramafoni, wakacheza katikati ya maji. Yeye alisimama ufukweni na taulo mkononi akingoja warudi. Hadithi hiyo aliirudia maisha yake yote ya ndoa, na kila mara alimalizia kwa kusema hakujua ile nyama ilikuwa na harufu gani, kwa sababu upepo ulikuwa ukivuma kwenda upande wa pili.

"Nataka kula nyama hapo," Mwenye Ploti aliniambia. "Jioni, na taa. Na hawa wapangaji wote waende, kwa sababu nikienda peke yangu nani atashuhudia? Wewe panga."

Nilipanga kama nilivyofundishwa, na nasema bila haya kwamba hakuna mtu Kawangware ambaye angeipanga vizuri zaidi. Nilikwenda Naivasha nikazungumza na mwenye mashua pana, ya chini bapa, isiyoyumba. Tulikubaliana tutazunguka jua likiwa bado lipo, kisha giza likianza tufunge mashua kwenye gati na karamu iendelee hapo hapo juu ya maji, kwa sababu ya viboko. Muziki ungetumia betri ya gari. Mbuzi angechomwa nchi kavu, aletwe akiwa moto. Nilimwonyesha Mwenye Ploti kila kitu, naye akatafuta woga ndani ya kila kitu.

"Kiboko akija?"

"Tutakuwa tumefungwa kwenye gati, Mama."

"Yeye anajua hilo?"

Tulichogombania hasa ni viti. Mimi nilitaka watu waketi kwa uzito, wanene wagawanywe pande zote mbili ili mashua ikae sawa. Yeye alitaka waketi kwa ukongwe, aliyekaa ploti miaka mingi awe mbele. Ili kumaliza ubishi alichukua chokaa na brashi ya kupakia ukuta, akachora mashua nzima juu ya saruji ya ua, kubwa kama ile niliyoipima. Jumapili moja ya Desemba, baada ya kanisa, alituita wote tukaketi ndani ya mchoro huo juu ya stuli na mitungi iliyopinduliwa. Watoto walipiga kelele za injini. Mama Achieng, ambaye kweli amekulia majini, alikaa nyuma akicheka mpaka machozi yakamtoka.

"Mama, hii yako imeshazama. Naona saruji."

"Nyamaza, wewe. Nani nahodha hapa?"

Nikasimama mbele nikatoa maelekezo ya usalama kamili, kwa sauti yangu ya kazi. Nilivaa jaketi ya kuelea, nikaonyesha pa kufunga, pa kukaza, na filimbi ya kuita msaada. Na hapa ndipo rangi inapoingia.

Jaketi zile zilikuwa za rangi ya chungwa. Duniani kote jaketi za kuelea ni za rangi hiyo au ya manjano, kwa sababu ndizo zinazoonekana majini. Niliziagiza kupitia rafiki wa kazini Mombasa, zikafikia kwa mama yangu Kambi Muru, nami nikazichukua huko kwa mkokoteni. Ilikuwa wakati wa kampeni, na rangi hiyo ilikuwa ya upande mmoja. Nilipopita Kibera nazo watu walitoka milangoni wakashangilia. Vijana walinisukumia mkokoteni mlimani wakiimba, wakidhani nimewaletea nguo za mkutano. Nilipokaribia Kawangware kelele zilikwisha. Watu walitazama tu. Mwenye Ploti alinikuta getini, akavua leso yake begani, akaitupa juu ya mzigo.

"Na nani mwingine ameziona?" aliuliza.

Tulicheka siku ile. Kura ikapigwa, matokeo yakatangazwa, na kabla redio haijamaliza kusema moshi ulikuwa umeshaanza upande wa Kibera. Nilipompigia mama yangu simu alinong'ona, ingawa alikuwa ndani kwake, kwamba wamepaka alama kwenye mlango wa jirani na yeye hajui kama wa kwake utafuata. Sisi Wakamba pande zote zilitutazama kwa jicho la kando. Kisha kredi ya simu ikakosekana madukani, na sauti yake ikakatika. Karamu iliahirishwa bila mtu kusema imeahirishwa. Mchoro wa chokaa ulibaki uani, watu wakauruka wakipita kama vile kuna mtu amelala pale.

Nimeona dhoruba baharini Ghuba, na wageni wakitapika na kulia. Ule ni woga wenye mwisho, kwa sababu nahodha yuko na bandari iko. Wa Kawangware haukuwa na pa kuutazama. Uliamka nao, ukanywa nao chai ya rangi. Vijana walikuwa wakienda ploti kwa ploti, wakisimamisha watu na kuwataka waseme maneno katika lugha ya nyumbani kwao. Jinsi ulivyotamka ndivyo walivyoamua. Huko Kibera vijana wa upande mwingine walifanya hivyo hivyo kwa watu wengine. Mtaa wa pili kutoka kwetu mtu alipigwa kwa sababu ya kofia tu, kofia ya chungwa aliyopewa bure sokoni. Na mimi nilikuwa na rundo zima la rangi hiyo katika stoo ya Mwenye Ploti.

Alijaribu kuchoma jaketi moja ndani ya jiko lake. Moshi mweusi ukatoka na harufu ya plastiki, na nje ya geti mtu akauliza kwa sauti, "Nani anachoma tairi humo?" Akaizima kwa maji ya vyombo. Kuzitoa nje kwa gunia haikuwezekana, maana magunia yalikuwa yakifunguliwa barabarani. Alasiri ile alinijia na wazo.

"Tuzizamishe kwenye tangi."

"Mama, hizi zimetengenezwa zisizame. Hiyo ndiyo kazi yake."

"Kila kitu kinazama ukikiwekea mawe."

Nilimweleza mpaka nikachoka. Nilimwambia jaketi moja inaweza kumbeba mtu mzima na viatu vyake. Alisema nifunge mdomo nishike gunia. Tulifunga magunia kwa kamba ya katani, mawe ndani, tukayashusha moja moja. Yalizama. Akanitazama kwa ushindi, akafunga kufuli.

Asubuhi wapangaji walipanga mitungi yao kama kawaida. Alipoinua mfuniko wote walisogea kuchungulia. Kamba zilikuwa zimelegea majini, magunia yamefunguka, na jaketi zote zilikuwa juu, zimebanana, hakuna maji yaliyoonekana. Ilikuwa rangi tupu, inapumuapumua.

Mpangaji mmoja mwanamume, mtu wa kabila lake mwenyewe, alisema polepole, "Mama, hizi zitatumaliza."

"Wakizipata hapa kwa pamoja watasema ni ghala," alijibu. "Kwa hiyo hazitakuwa pamoja. Kila nyumba moja. Ndani ya godoro, chini ya kitanda, popote."

Mama Achieng alikuwa ameshika mtungi kwa mikono miwili. "Mama, mimi wakinipata nayo hakuna swali la pili."

"Wewe usichukue. Wewe na watu wa huko kwenu na Waluhya, msiguse hata moja. Wenye majina kama langu ndio watachukua. Kwao wataangalia juujuu tu. Na wewe Dubai, moja, kwa sababu ulizileta."

Yule mwanamume akakataa. Alikuwa na watoto, alisema, na hiyo karamu haikuwa yake.

"Sawa," alisema Mwenye Ploti. "Basi usichote maji."

Mifereji ya mtaa ilikuwa imekauka, na maduka yamefungwa. Yule mtu alitazama mtungi wake mtupu. Kisha akainama, akavuta jaketi moja ikichuruzika, akaiweka chini ya koti lake. Wengine wakamfuata. Nilimwona akiwatisha watu kwa kiu ili wakubali kufichiana uhai, na mpaka leo sijui kitendo kile nikiweke kwenye fungu gani la tabia zake. Moja alibaki nayo yeye.

Waluhya na wengine wa upande wa ziwa walitorokea kambi ya waliofukuzwa, kwa chifu, lakini Mama Achieng aliogopa barabara na watoto wadogo. Baadaye asubuhi hiyo Mwenye Ploti alichukua funguo zake, akaenda kwa Mama Achieng, akamwingiza na mabinti wake ndani na maji na mkate, akafunga mlango kwa nje kwa kufuli kubwa. Akamwaga majivu na takataka kizingitini. Ungeuona mlango ule ungesema wenyewe walihama zamani. Alinipita bila kunitazama akasema, "Nani mwingine anajua?" Nikasema mimi tu. "Basi ni wengi," akasema.

Walikuja mchana, jua likiwa kali. Hawakubisha. Walikuwa vijana wengi, wengine nawajua kwa sura kutoka stendi, wana panga na vyuma vya ujenzi. Waliingia vyumbani, na alivyosema ndivyo ilivyokuwa: kwa wenye majina kama lake walichungulia tu wakasalimia. Mmoja alisimama mbele ya mlango wa Mama Achieng, akalisukuma lile kufuli kwa ncha ya panga.

"Hapa nani?"

"Walienda," alisema Mwenye Ploti.

"Na kufuli ni la nani?"

"Langu. Kwani niache mlango wazi, muingie mlale?"

Walicheka kidogo. Halafu mmoja wao akatoka chumbani kwa Mwenye Ploti ameshika jaketi. Mama alikuwa ameificha chini ya mto wa kiti anachokalia kila siku. Kicheko kikaisha. Kiongozi wao, kijana mwembamba mwenye sauti ya upole, aliichukua akaigeuzageuza.

"Shosho," alimwita, kama mjukuu anavyomwita bibi yake, "hii ni ya nani?"

Mikono ya Mwenye Ploti ilikuwa kwenye funguo.

"Shosho, nakuheshimu sana. Hii ni ya nani?" Akanigeukia mimi, sura pekee pale asiyoijua. "Buda, wewe ni wa wapi? Sema kitu kwa lugha yenu."

Nilifungua mdomo kusema Kikamba na Kikamba kikanikimbia. Nilikinyonya kwenye titi la mama yangu, lakini hakikuwapo. Nilitazama chini nikaona nimesimama juu ya mstari wa chokaa, kwenye pua ya mashua, mahali pa mwelekezaji. Na kilichotoka mdomoni ni kile nilichokisema kila jioni kwa miaka, mbele ya kila aina ya mtu.

"Karibuni nyote ndani ya mashua yetu," nilisema. "Kwa usalama wenu, tafadhali nisikilizeni kwa muda mfupi."

Wakanitazama kama mwendawazimu. Sikuweza kuacha. Nilichukua jaketi mkononi mwa yule kiongozi, kwa adabu, kama unavyomsaidia mgeni koti lake. Nikasema huvaliwa hivi, mikono ipite hapa. Nikamgeukia Mwenye Ploti. "Mgeni wetu wa heshima, tafadhali sogea mbele." Akasogea. Nilimvalisha juu ya sweta lake, nikamfungia mkanda kifuani, nikamkaza. Moyo wake ulikuwa ukipiga hata nikausikia kwenye vidole vyangu. Nikasema filimbi iko hapa, ipulizwe ukiwa majini tu. Nikaonyesha mstari wa chokaa, nikasema wazito wagawanywe pande zote mbili, watoto katikati, na mtu asisimame mashua inapokwenda.

Mmoja wao nyuma akasema, "Aisee, hii ni meli kweli. Ona, wameichora." Mwingine akaruka akasimama ndani ya mchoro, akajifanya anapiga makasia kwa panga. Wakaanza kucheka, kicheko cha watu ambao hawajalala vizuri.

"Shosho, ulikuwa unaenda wapi na hii?"

"Naivasha," alisema, sauti ikiwa ndogo. "Kula nyama."

Kiongozi alicheka naye, lakini macho yake hayakucheka. Alimvua ile jaketi mwenyewe, taratibu, akaipasua kwa panga kutoka shingoni hadi chini, sponji nyeupe ikamwagika uani. "Naivasha hakuendeki, Shosho. Huko kumechacha. Pati imeisha." Alinigusa kifua kwa bapa la panga. "Na wewe mwalimu wa meli, usitoke nje na hayo maneno yako." Wakaondoka.

Ndani ya chumba cha Mama Achieng hakuna mtoto aliyekohoa. Aliposikia geti limefungwa, Mwenye Ploti aliketi chini kwenye saruji, katikati ya sponji, na nikaona maji yakienea chini ya gauni lake mpaka yakafika kwenye chokaa. Nilivua koti langu la Dubai nikamfunika. Kabla wiki haijaisha alimpeleka Mama Achieng na watoto kambini kwa chifu, na kutoka huko walisafiri kwao. Mama yangu alisalimika. Mlango wake haukupakwa.

Kwa miaka mingi niliisimulia hadithi hii nikijisifu kidogo, na sioni haya, maana diploma ni karatasi mpaka siku unayoihitaji. Nilisema mimi na Mwenye Ploti tulisimama pamoja siku ile. Nilihama, nikaanzisha kazi yangu, na leo nina mashua zangu mwenyewe Naivasha, mbili, zilizolipiwa zote.

Nilimwona mara ya mwisho mwaka ambao kura nyingine ilikuwa imekaribia. Mabango yalikuwa yamejaa kuta. Ploti ilikuwa imejengwa ghorofa na mwanawe, naye alikuwa na chumba cha chini karibu na geti. Nilimkuta ameketi mlangoni, ameshika funguo ambazo sasa hazikufungua chochote. Alinitambua haraka.

"Dubai. Umenenepa. Utakaa upande gani wa mashua?"

Aliniletea chai mwenyewe, akamkataza msichana wa kazi asiishike. Akaniambia Mama Achieng humpigia simu kila Krismasi, wakagombana kidogo, wakakata. Kisha nikaona mikono yake imetulia juu ya magoti. Sikuwahi kuiona hivyo.

"Siku ile," alisema, "nilikuwa nimeamua kuwapa mmoja."

Nilidhani sijasikia vizuri.

"Wangefungua kufuli. Niliona wanataka mtu, hawangeondoka bila mtu. Nilikuwa nachagua, wewe au yule mama. Nikakuchagua wewe. Hukuwa na watoto."

Chai ilikuwa mkononi mwangu. Sikuinywa wala sikuiweka chini.

"Neno lilikuwa hapa," akagusa koo lake. "Niseme, hii ni ya huyu. Halafu ukaanza kuongea kama redio, ukaniita mgeni wa heshima, ukanivalisha. Nikashindwa kulisema nikiwa nimefungwa kifua. Basi."

"Na nani mwingine anajua?" nilimuuliza. Sauti yangu haikuwa ile ya kazi.

"Wewe. Na Mungu, lakini yeye alikuwepo."

Barabarani gari la kampeni lilipita na vipaza sauti, na wote wawili tukageuka kulitazama mpaka lilipopinda kona. Nilimwambia ndicho kilichonileta: mashua ni yangu sasa, taa zipo, nyama ipo, aseme tu Jumamosi gani, nitakuja kumchukua mwenyewe kwa gari na kumrudisha.

Alihesabu funguo zake moja moja hadi ya mwisho.

"Nitaenda," alisema. "Lakini tungoje kwanza kura ipite."